Kanji Tano kwa Siku Zinanitosha

Nauza vipuri vya magari hapa Nakuru, na magari mengi yanayoingia gereji ya jirani yangu yametoka Japani yakiwa bado na maandishi ya kwao. Kwenye kifuniko cha tangi utakuta 軽油, yaani dizeli. Karibu na rejeta kuna 注意, tahadhari. Kwa miaka mingi niliyaona kama mapambo tu. Kisha mteja mmoja akaletwa akivutwa kwa kamba: gari la dizeli lilikuwa limejazwa petroli, na kibandiko cha 軽油 kiko pale pale. Alilipa pesa nyingi kwa herufi mbili ambazo hakuna aliyezisoma, mimi nikiwemo. Wiki hiyo nikaanza kujifunza kanji, yaani herufi kama hizo za Kijapani, kila moja na maana yake.

Nilianza kwa pupa. Juzi kijana wa Kaptembwa aliniuliza, "Dada, nianze na kanji ngapi kwa siku?" Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa wateja walikuwa wamejaa, lakini jibu lenyewe linahitaji nafasi.

Kanji za matumizi ya kawaida, kwa orodha rasmi ya Japani ya mwaka 2010, ni 2,136. Nikapiga hesabu: 20 kwa siku, miezi mitatu na nusu, kazi imekwisha. Programu ninayotumia kwenye simu, Anki, inayokuonyesha kadi za kukariri, nayo huja ikiwa imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku, kwa hiyo nikaona niko sawa kabisa. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu.

Nilichosahau kuhesabu ni marudio. Kadi unayojifunza leo inarudi kesho, inarudi baada ya siku chache, baada ya wiki, baada ya mwezi, na ukiikosea inaanza safari upya. Kwangu mimi, kila kadi mpya ya siku huishia kuleta marudio kama saba ya kila siku. Kufikia wiki ya tano nilikuwa na kadi 20 mpya na zaidi ya 130 za zamani, kila usiku baada ya kufunga duka, karibu saa nzima, macho yamechoka kwa kusoma namba za vipuri. Halafu mvua zikaanza, nikaenda kwetu Trans Nzoia kumsaidia mama kupanda mahindi. Siku tisa. Niliporudi, kadi 430 zilikuwa zinaningoja. Niliitazama ile namba nikaizima simu, na sikuigusa programu hiyo kwa miezi miwili.

Hata zile nilizodhani nazijua zilikuwa zimechanganyika. Tazama 待, 持, 特 na 時. Zote upande wa kulia zina 寺, hekalu. Moja ni kungoja, moja ni kushika, moja ni kitu maalumu, moja ni wakati. Nilizisoma zote ndani ya siku tatu, na hadi leo 待 na 持 hunitatiza nikiwa na haraka. Ningekuwa nimeizoea moja kwanza, nikaiandika mara kadhaa, nikakutana nayo kwenye sentensi, ya pili ingekuja kama mgeni anayefanana na mtu ninayemjua.

Watoto wa Japani wenyewe, ambao lugha wanaongea tayari, hufundishwa kanji 80 darasa la kwanza na 160 darasa la pili. Miaka sita ya shule ya msingi inawafikisha 1,026. Mtu mzima mwenye bidii anaweza kuwapita kwa kasi, naamini hivyo kabisa, lakini ile 80 ilinipa amani moyoni.

Sasa ushauri wangu: usipange kasi kwa siku yako nzuri. Ipange kwa siku yako mbaya kuliko zote. Yangu ni Jumatatu, mzigo unapofika kutoka Nairobi, na muda wote nilio nao ni dakika 25 ndani ya matatu kati ya Lanet na mjini, kwenda na kurudi. Kadi moja hunichukua kama sekunde 20, kwa hiyo naweza 75, nikibanwa sana. Kanji tano mpya huleta marudio 35. Zinazobaki ni nafasi ya maneno.

Na maneno lazima yawepo. Chukua 生: kwenye 先生, mwalimu, inasomwa *sei*, kwenye 一生, maisha yote, ni *shō*, kwenye 生きる, kuishi, ni *i*, kwenye 生まれる, kuzaliwa, ni *u*. Ukikariri kanji peke yake na maana moja, hutaweza kusoma hata kibandiko. Mimi huipa kila kanji neno moja au mawili, na kwa sababu hiyo siendi zaidi ya tano. Jumapili hakuna mpya, marudio tu. Hiyo ni 30 kwa wiki, karibu wiki 71 kwa orodha yote. Ni muda mrefu, nami nimeukubali.

Kama tayari umeshazama, usifute kadi zako, tafadhali. Weka kadi mpya ziwe sifuri, fanya 60 za zamani kila siku, ziache nyingine zingoje. Mimi ilinichukua wiki tatu kumaliza mlima wangu, na nilishangaa ni ngapi zilikuwa bado ziko kichwani.

Wanaolenga JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, ambao huku kwetu hufanyika Nairobi mwezi wa Desemba, wahesabu kwa kurudi nyuma. Waandaaji hawatoi orodha rasmi ya kanji, lakini walimu wengi hukadiria kama 100 kwa N5, ngazi ya chini kabisa, na 300 kwa N4, inayofuata. Toa wiki sita za mwisho, hizo ni za kusoma na kusikiliza bila kadi mpya, kisha ugawe kanji zako kwa siku zilizobaki. Ukipata zaidi ya kumi kwa siku na una kazi ya kutwa, chagua ngazi ya chini mwaka huu.

Kijana wa Kaptembwa ana mitihani ya chuo na anauza mitumba jioni. Nimemwambia aanze na tatu, na ya kwanza iwe 油, mafuta.