Usitoke chumbani kabla hujakisoma: kwa mnaoanza Ocarina of Time

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Hapa mtaani kwetu Majengo, Moshi, kuna vijana kama watatu wameanza Ocarina of Time mwezi huu na kila jioni nikitoka kazini nawakuta wananisubiri na swali lile lile, "kaka nimekwama, mlango haufunguki". Nimeona niandike yote sehemu moja, na nyie wa Arusha na kwingine mnaoanza mfaidike, maana hili gemu nimelimaliza mara nne na ninalipenda kutoka moyoni, sipendi kuona mtu analiacha katikati eti ni gumu.

Mimi nacheza kwenye 3DS ya mtumba (mashine ya gemu ya mkononi ya Nintendo), lile toleo la 2011. Gemu lenyewe lilitoka 1998 kwenye Nintendo 64, kwa hiyo limewazidi umri wengi wenu. Wanaotumia Switch wanalipata lile la zamani kama lilivyokuwa, tofauti zipo kidogo nitazitaja nikizifikia.

Kitu cha kwanza kabisa kuelewa, na ndicho kinachowasumbua wengi. Mmezoea gemu za mpira na za kupigana, au zile za kuua viumbe mpaka unapanda levo, sasa mkikwama mnafikiri hamna nguvu. Huku Link, yule unayemchezesha, hapandi levo aisee. Ukiua viumbe mia hapo nje utabaki vile vile, utapata hela na mioyo (uhai wako) ya kujaza tu basi. Unaanza na mioyo 3, mwisho ni 20, na nayo inaongezeka kwa kumpiga bosi (adui mkubwa wa mwisho wa danjeni) au kukusanya vipande, vipande 4 ndio moyo mmoja. Kwa hiyo ukikwama usiende kutafuta nguvu. Kuna kitu umekipita, kiko nyuma yako, mara nyingi kiko kwenye chumba ulichokaa sekunde kumi ukakimbia.

Ndio maana nawaambia ukiingia chumba chochote simama mlangoni. Usiguse kitu. Angalia juu kwanza, watu wengi hawaangalii juu kabisa, kisha kuta, kisha sakafu, halafu jiulize hiki chumba kinanitaka nini. Kuna mwenge hauwaki? Kuna jicho limechorwa ukutani? Kuna kizibo kimekaa sehemu ya ajabu? Waliotengeneza hawakuweka kitu bure, kama kuna boksi moja katikati ya chumba kitupu basi lina kazi yake. Hii tabia mkiijenga mapema hekalu la mwisho mtaliingia mmetulia.

Na someni maandishi jamani. Najua yote ni Kiingereza, mimi mwenyewe nilianza nikiwa na kamusi pembeni na maneno mengine nilikuwa naandika nyuma ya daftari, ila ukibonyeza A harakaharaka unajikosesha dalili zote. Yule bundi mkubwa anayekusimamisha njiani anakuuliza mwishoni kama umeelewa, usiposoma utajikuta umemwambia arudie hotuba yote tangu mwanzo, kisha unarudia kosa lile lile. Soma taratibu. Neno moja tu linaweza kukufungulia mlango.

Danjeni (sehemu ya mafumbo, iwe hekalu au pango) ya kwanza, ndani ya mti wa Deku, ichukulieni kama darasa. Kabla ya kuingia unahitaji upanga, uko kwenye kile kitundu cha kutambaa pale kijijini unapoanzia, na ngao ya mbao ambayo dukani ni rupia 40 (hela za humo kwenye gemu). Iangalie hiyo ngao, ni ya mbao kweli, ikishika moto inaungua na umeikosa. Ndani utaona utando wa buibui umeziba shimo kwenye sakafu, unaukata kwa upanga haukatiki, unaruka juu yake unakurusha tu. Kijana mmoja hapa alikaa siku mbili akizunguka. Jibu ni kupanda mpaka ghorofa ya juu kabisa ukaangalia chini, ukajirusha katikati, uzito wako unauchana. Utando mwingine utaukuta chini, huo unauchoma kwa kijiti ulichokiwasha kwenye mwenge. Unaona? Hapo umeshafundishwa vitu viwili, kwamba urefu ni chombo na moto ni chombo, na hivyo hivyo utavikuta tena huko mbele vimebadilishwa sura.

Halafu kila danjeni ina chombo chake, na chombo hicho ndicho funguo ya nusu iliyobaki na mara nyingi ndicho kinachomwangusha bosi. Kwenye mti unapata manati, na yule mama buibui Gohma unamtungua jicho kwa manati. Kwenye pango la Dodongo unapata mabomu, na yule mjusi mkubwa akivuta pumzi kutaka kutema moto unamrushia bomu mdomoni. Kwenye tumbo la samaki unapata bumarangi. Hekalu la msitu upinde, la moto nyundo. Kwa hiyo ukifika kwa bosi ukachanganyikiwa, jiulize humu ndani nimepewa nini, jibu liko mfukoni.

Ramani na dira ni vitu viwili tofauti, msizidharau. Ramani inakuonyesha vyumba, dira inakuonyesha masanduku yaliko na chumba cha bosi. Kwenye 3DS ramani inakaa kioo cha chini muda wote, raha sana. Ukiwa na dira na bado kuna sanduku linaonekana hujalifungua, hilo ndilo umelipita, nenda.

Kuhusu kusevu. Ukisevu ndani ya hekalu ukazima, ukirudi utaanzia mlangoni kwenye lango la hekalu, sio pale ulipoishia, ila funguo ulizookota na milango uliyofungua vinabaki. Wengine wakiona wamerudishwa mlangoni wanadhani wamepoteza kila kitu wanaanza gemu upya, hapana jamani, hamjapoteza. Mwenye 3DS ukiona umechoka funga tu kifuniko italala hapo hapo ulipo, ila chaji iangalie, hasa siku ambazo umeme unakatika mchana kutwa. Na kabla ya hekalu lolote la ukubwani (Link akishakuwa mtu mzima) weka kidudu chenye mabawa, yaani fairy, kwenye chupa, ukifa kinakufufua chenyewe. Chupa ya mapema ipo kijiji cha Kakariko, yule dada mwenye kuku, mkusanyie kuku wake 7 anakupa.

Sasa tuje kwenye lile linalowakimbiza watu. Water Temple, hekalu la maji. Hapa nitakaa kidogo.

Mimi lilinishika wiki mbili. Binamu yangu anayekaa Sakina, Arusha, yeye aliliacha kabisa akaweka 3DS kabatini. Ukiingia maji yamejaa mpaka juu, una viatu vya chuma vya kukuzamisha, una ile nguo ya bluu ya Zora, wale watu wa majini, ya kupumulia chini ya maji (kama hukupewa na mfalme wao basi dukani kwao ni rupia 300), na mbele yako kuna mnara katikati na milango kila upande kila ghorofa. Kuna sehemu tatu zenye alama ya pembetatu za dhahabu ukutani, ukipiga pale kwa ocarina (ile filimbi yako) ule wimbo wa kubembeleza wa Zelda maji yanabadilika. Moja inayashusha chini kabisa, moja inayaweka katikati, moja inayajaza. Kila mtu anachofanya ni kupiga wimbo, kuzunguka, kukuta njia imefungwa, kupiga tena, na baada ya saa moja hajui maji yako wapi wala ametoka wapi.

Lililonifungua macho halikutoka kwenye gemu. Desemba kama mnavyojua watu tunarudi nyumbani, tukawa Kibosho kwa bibi, na karibu na shamba lake unapita mfongo. Kwa wasio wa huku, mfongo ni ule mfereji Wachaga walichimba tangu zamani kuleta maji ya mlimani kwenye migomba. Asubuhi ilikuwa zamu ya bibi, akanituma nikafungue. Nikafungua tu. Akanifokea, akasema kabla hujafungua huku lazima ujue umefunga wapi, na nani yuko chini anasubiri, maji hayawezi kuwa sehemu mbili. Nimesimama pale na jembe mkononi nikaona hekalu zima kichwani. Maji yakiwa chini kuna milango inayofikika na mingine ipo juu hewani haifikiki. Maji yakiwa katikati ile ya chini inakuwa ya kupiga mbizi, ya kati inafikika kwa kuogelea. Yaani sio hekalu moja, ni matatu yamekaa sehemu moja, na kila moja lina zamu yake.

Nikachukua daftari, nikachora mnara katikati na vyumba pande nne, kurasa tatu, chini, kati, juu. Halafu sheria ikawa hii: maji yakishakaa kiwango fulani sipigi wimbo tena mpaka nimeingia kila mlango unaofikika kwenye kiwango hicho, na nisioweza kuingia naandika sababu, "kufuli", "ndoano (hookshot) haifiki", "ukuta wenye ufa". Nililimaliza ndani ya siku mbili. Binamu nilimpa kurasa tupu na hiyo sheria tu, sikumwambia majibu, akamaliza kabla hajarudi Arusha.

Kwa anayeanza: ukiingia vaa viatu zama mpaka chini, upande wa mashariki utamkuta binti mfalme wa Zora, Ruto, akielea kwenda juu vua viatu umfuate usimpoteze, huko juu ndiko kuna alama ya kwanza ya kushusha maji. Na ule ufunguo ambao karibu kila mtu anaukosa uko mnara wa katikati. Ukishapandisha maji kufika kati, ukiwa bado humo humo ndani ya mnara, usitoke. Kuna boksi limeelea na maji, na pale lilipokuwa limekaa kuna shimo. Vaa viatu, zama. Watu wanapiga wimbo, wanaona maji yamepanda, wanafurahi wanatoka mlangoni, na ule mmoja uliobaki chini ya miguu yao ndio unaowasumbua wiki nzima.

Kwenye 3DS wameweka mistari ya rangi ukutani inayokuongoza kwenye zile alama tatu, na viatu unaviweka kwenye batani unavaa na kuvua kwa mguso mmoja. Wa Switch hamna hiyo, kila mara ni kusimamisha gemu, kuingia menyu, kuvaa, kutoka. Kwenu nyie ule mpango wa kurasa tatu ni muhimu mara mbili, maana kila kuzunguka bila sababu kunakugharimu menyu kumi.

Chumba kile kikubwa chenye maji ya kifundo cha mguu na mti mmoja katikati, hapo utakutana na kivuli chako. Usishindane naye kwa upanga, anaiga kila unachofanya. Mimi natumia nyundo, inamchanganya. Ukimaliza unapata ndoano ndefu, na ndiyo inayomtoa Morpha. Kwa bosi huyo simama kwenye kona ya chumba, ile tonge nyekundu ikipita kwenye maji ivute kwa ndoano ije nchi kavu, ipige kabla haijarudi, na usikae katikati ya yale majukwaa maana ule mkono wa maji unakushika kutoka nyuma huuoni.

Hekalu la msitu sijalizungumzia sana, lile halina shida, wale mizimu wanne ukimfuata mmoja mmoja unatoboa, na korido iliyojipinda inanyooka ukitungua kile kinachotakiwa kutunguliwa, angalia juu.

Kitu kimoja cha mwisho kwa sababu karibu wote watatu hapa mtaani wamekikosa. Ukitoka Water Temple ziwa la Hylia linajaa tena. Usikimbilie Kakariko siku hiyo hiyo. Kaa pale kisiwani, kuna jiwe lenye maandishi, lisome, kisha subiri usiku uishe. Jua likianza kuchomoza simama kwenye hilo jiwe, toa upinde, lilenge jua lenyewe, achia mshale. Kisha geuka uangalie kimedondoka nini pale karibu.