Bastola inaruka na kukwama: anzia kwenye springi na risasi, kompenseta isubiri

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu na mimi nimepita njia hiyo hiyo. Umesema una Glock 17 Gen 3, umeichongesha slaidi (chuma cha juu kinachorudi nyuma kila pigo) ukafunga doti (kioo cha kulengea chenye nukta), unapiga daraja la Carry Optics kwenye mashindano ya Jumamosi ya USPSA, chama cha mchezo huu Marekani. Umeshatoa springi ya kiwandani ukaweka ya paundi 11, lakini mdomo bado unaruka na mara moja moja slaidi haifungi hadi mwisho. Unauliza uanze na kompenseta (kipande cha mdomoni chenye matundu ya gesi) au fimbo ya tungsteni (ile nzito inayobeba springi ya slaidi), na kama springi nyepesi ya pini, ile inayogonga risasi ilipuke, itakusaidia. Mimi niko Texas, huu ni mwaka wangu wa saba kwenye mchezo huu, nilianza na Glock kama yako kabla ya kuhamia CZ Shadow 2. Ushauri wangu: usinunue kitu mwezi huu. Rudisha springi ya kiwandani.

Springi ya slaidi kwenye Gen 3 inatoka kiwandani ikiwa ya paundi 17. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kupunguza teke (bastola kurudi nyuma inapopiga) tu. Kazi yake kubwa zaidi ni kurudisha slaidi mbele, kuchomoa risasi kwenye magazini, kuisukuma ndani ya chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi) na kufunga kila kitu kwa nguvu. Kwenye Glock kuna jambo la ziada: springi ya pini ya kupiga inavutana na springi ya slaidi. Unapobana triga, pini inavutwa nyuma na slaidi nayo inavutwa kidogo pamoja nayo. Ukilegeza springi ya slaidi hadi paundi 11, springi ya pini inaanza kushinda. Ongeza uchafu kidogo na risasi isiyo na kipimo kizuri, slaidi inasimama ikiwa imebakiza milimita moja au mbili, ndicho hicho unachokiona.

Jipime nyumbani. Toa magazini, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, angalia tena, risasi zote ziwe chumba kingine. Elekeza mdomo juu upande ulio salama, bana triga na uendelee kuibana, halafu vuta slaidi nyuma kama inchi moja na uisindikize kwa mkono irudi polepole. Ikifunga yenyewe hadi mwisho, springi inatosha. Ikikwama njiani, springi hiyo haifai kwa bastola hiyo, hata kama jamaa wa pembeni yako anaisifia. Ya kwangu ya paundi 11 ilikwama. Ya 13 ilifunga ikiwa safi, ikakataa baada ya risasi 250. Nilimalizia na 15, na hapo sikurudi tena.

Sasa kuhusu teke lenyewe. Springi haipunguzi jumla ya msukumo, inaupangia muda tu. Kinachoamua msukumo ni risasi, na hapa kanuni za mchezo zinaingia. IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, iliundwa mwaka 1976 Columbia, Missouri, Jeff Cooper akiwa rais wake wa kwanza, na tangu mwanzo walitaka vitu vitatu viende pamoja: usahihi, nguvu na kasi. Ili mtu asishinde kwa risasi laini kupita kiasi, kuna kipimo cha nguvu: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, gawa kwa 1000. Kwa daraja lako unatakiwa ufike 125. Ukishuka chini ya hapo siku wanayopima kasi, unapiga bila kuhesabiwa alama.

Chukua kalamu. Kichwa cha greni 115 kikienda futi 1150 kinakupa 132. Kichwa cha greni 147 kikienda futi 900 nacho kinakupa 132. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Mkononi si sawa hata kidogo. Ile ya 147 inatumia baruti kidogo, gesi inayotoka mdomoni ni kidogo, na pigo linakuja kama kusukumwa, si kama kuchapwa. Umesema unatumia za greni 115 za dukani, za bei nafuu, zilizojazwa upya. Kabla hujagusa chuma chochote, nunua boksi mbili za 147 mpya upige siku moja na zile zako. Mimi nilipobadilisha hivyo, nilikuwa nimeshatumia hela nyingi kwenye vipuri, na boksi hizo mbili zilinipa tofauti niliyokuwa naitafuta miezi sita.

Hizo za kujazwa upya nina wasiwasi nazo kwa sababu nyingine. Toa mtutu kwenye bastola, ushike chemba ikiangalia juu, dondosha risasi moja moja. Risasi nzuri inaanguka na kutoa sauti ya "tok", ukiizungusha kwa kidole inazunguka, ukigeuza mtutu inatoka yenyewe. Mbaya inateleza hadi karibu na mwisho halafu inashika. Unaisikia kwa vidole kabla ya kuiona kwa macho. Mara nyingi ganda limevimba karibu na kitako au kichwa kimekaa nje mno. Kabla ya mashindano mimi hudondosha zote, moja baada ya nyingine, usiku wa Ijumaa. Ni kama dakika 20 kwa risasi 150. Zinazoshika naziweka kwenye kopo la mazoezi.

Tuje kwenye kompenseta. Najua inavutia, nami nimeifurahia kwenye bunduki za wenzangu wa Open, daraja linaloruhusu kompenseta. Lakini elewa inavyofanya kazi. Gesi inatoka kupitia matundu ya juu na kwa kutoka huko inasukuma mdomo chini. Bila gesi nyingi, hicho ni kipande cha chuma tu mbele ya mtutu. Watu wa Open wanapiga risasi zenye kipimo cha nguvu cha 165 kwenda juu, wamejaza baruti inayoungua taratibu makusudi ili gesi iwe tele mdomoni. Wewe na 147 yako laini huna gesi hiyo. Tena mtutu wa Glock huinama ili kufunguka kutoka kwenye slaidi. Ukiuongezea uzito mbele, unafunguka kwa uvivu. Matokeo yake slaidi hairudi nyuma vya kutosha, na ganda linabaki limesimama kwenye dirisha. Hapo utaambiwa ulegeze springi, na ukiilegeza unarudi pale pale kwenye tatizo lako la slaidi isiyofunga.

Halafu kuna daraja. Carry Optics hairuhusu kompenseta. Ukiifunga, unahamishiwa Open, na huko utapiga kwa alama za nguvu ndogo dhidi ya watu wa nguvu kubwa: ukipiga eneo la C wewe unapata 3, wao wanapata 4. Kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza sioni faida yake.

Fimbo ya tungsteni nina maoni laini zaidi juu yake. Inaongeza uzito chini ya mtutu, pale pale unapouhitaji, na haiharibu chochote ikiwa springi iliyo juu yake ni ya nguvu sahihi. Uzito ni dawa ya kweli ya teke. Shadow 2 ina kama gramu 1330, ya chuma tupu. Glock 17 bila magazini haifiki gramu 700. Ndiyo maana ukishika ile CZ ya rafiki unaona doti imetulia. Wengi kwenye Carry Optics wanafunga taa chini ya mtutu kwa ajili ya uzito tu, wala hawaiwashi. Ila pima bastola yote kwenye mizani, maana daraja lina kikomo chake cha uzito.

Lakini kitu cha bei ndogo kilichonisaidia kuliko fimbo yoyote ni mkanda wa msasa kwenye mpini. Mikono yetu inatoka jasho, joto la huku likifika Julai mpini unateleza kama sabuni, na kila pigo mkono wa kushoto unahama kidogo. Jirekodi kwa simu kwa mwendo wa polepole, simu ikiwa pembeni, piga risasi sita haraka. Nilipojirekodi mimi niliona kiganja cha kushoto kinaachana na mpini kwenye pigo la tatu, na kuanzia hapo doti inapanda na kwenda kulia. Miezi yote nilikuwa nailaumu springi. Nilibandika msasa, nikaanza kubana kwa mkono wa kushoto zaidi ya wa kulia, mapigo yakarudi pamoja.

Video hiyo hiyo ndiyo inayokuambia springi ipi inakufaa. Angalia mdomo unaporudi. Ukishuka chini ya pale ulipoanza halafu ukapanda, springi ni ngumu kwa risasi hiyo, slaidi inafunga kwa kishindo na kuuzamisha. Ukiona slaidi inagonga nyuma kwa nguvu na inarudi kwa kuchelewa, imelegea mno. Unatafuta doti inayopanda na kurudi pale pale bila kuyumba. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku. Ukibadilisha springi, risasi na fimbo asubuhi moja, hutajua kipi kimekusaidia.

Springi nyepesi ya pini usiiguse kabisa kwa sasa. Hili nalisema kwa uchungu. Kwenye Shadow 2 niliweka springi ya nyundo ya paundi 11 ili triga iwe laini, na kwa kweli ilikuwa tamu. Kwenye risasi zenye fataki laini (fataki ni kile kiwashio cha kwenye kitako cha risasi), kama za Federal, haikuwahi kunisumbua. Halafu risasi hizo zikaadimika madukani, nikaenda mashindanoni na boksi nyingine. Shabaha ya tatu ya uwanja (zoezi moja la mashindano) wa risasi 32, nikasikia "tik". Nikavuta slaidi, nikaendelea. Shabaha ya tano, "tik" tena. Baadaye niliokota zile mbili: kwenye fataki kulikuwa na kidoa tu, kama umeigusa kwa ncha ya kalamu, wakati ganda lililolipuka vizuri lilikuwa na shimo la duara lililozama. Siku ile ile jioni nikarudisha springi ya paundi 13. Triga iliongezeka uzito kidogo na tangu hapo sijasikia "tik" nyingine.

Hesabu ndiyo iliyonishawishi. Alama zako zinagawanywa kwa sekunde. Uwanja wa pointi 150 kwa sekunde 20 ni 7.5. Tuseme vipuri vyote vimekupunguzia sekunde 0.6 nzima: unapata 7.73. Sasa bastola ikwame mara moja, upoteze sekunde tatu: unashuka hadi 6.52.

Magazini nazo umezisahau kabisa kwenye swali lako, na kwa niliyoyaona viwanjani ndizo zinazokwamisha bastola kuliko kitu chochote. Ziandike namba kwa rangi chini. Kila bastola inapokwama, andika namba ya magazini kwenye daftari kabla hujasahau. Yangu namba 4 ilikuwa na makosa matatu kati ya manne ya mwezi mzima. Nikaibadilisha springi, nikapiga nayo mazoezini, ikakosea tena, nikaitupa. Zile zilizodondokea mchangani fungua uzipanguse kwa kitambaa kikavu, usiweke mafuta ndani.

Skrubu za doti zipake gundi ya skrubu, ile ya bluu, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye doti. Mstari ukivunjika unajua imelegea kabla haijakukosesha shabaha za chuma.

Na sehemu za ndani za triga, zile zinazoshika na kuachia, usizipige msasa kwa kufuata video. Nimeshuhudia bastola ya mwenzetu ikitoa risasi mbili kwa kubana mara moja, ya pili ikaenda juu ya tuta. Ofisa wa uwanja alimsimamisha pale pale, na alifanya sawa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni.

Wenzetu wa Nairobi mnaopiga IPSC, kipimo cha nguvu kwenye Production, daraja la bastola za kawaida za kiwandani, ni 125 vile vile, lakini bastola lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa, na kuhusu kubadilisha vipuri ulizeni kwanza wasimamizi wa mechi na mamlaka ya leseni kabla ya kuagiza kitu kutoka nje.

Kwa hiyo mkuu: springi ya 17, boksi mbili za 147, magazini zenye namba, mkanda wa msasa, risasi 200. Ukimaliza niletee video ya mapigo sita ikiwa imerekodiwa pembeni, na picha ya maganda matano nione fataki zilivyopigwa. Kama slaidi bado inakataa kufunga na springi ya kiwandani, hapo tatizo liko kwenye chemba, kwenye risasi au kwenye hiyo slaidi iliyochongwa, na tutaanza kulitafuta huko.