Usikabidhi vyeti vya sola yako ili upunguziwe bei ya paneli

Usitie saini karatasi hiyo. Ningeanza kwa salamu kama ilivyo ada, lakini umeandika kwamba mkandarasi anayetaka kukufungia paneli za sola atarudi kesho kutwa kuichukua, na sentensi yako moja nimeisoma mara tatu huku moyo ukinienda mbio: “Nikimkabidhi haki za vyeti kwa miaka 15, ananipunguzia dola 5,000 papo hapo.” Ndugu yangu, karatasi hiyo naijua. Niliitia saini mwaka 2016, hapahapa Washington, D.C., nikiwa mezani kwangu, kwa kalamu aliyoniachia muuzaji kama zawadi. Katika biashara ile yote, kalamu ndiyo kitu pekee nilichopewa bure, na wino wake ulikwisha kabla ya mwaka kwisha.

Umeuliza mambo matatu: kama kuuza vyeti kutakupunguzia nafuu ya bili unayopata kwa umeme unaourudisha kwenye gridi, mita gani inahitajika, na wakala yupi wa kukuuzia vyeti anafaa. Nitayafikia, lakini karatasi hiyo inatangulia.

Paneli zako zinapofikisha kilowati-saa 1,000, yaani megawati-saa moja, kinazaliwa cheti kimoja, ambacho hapa wote tunakiita SREC, kifupi cha Kiingereza cha cheti cha nishati jadidifu ya jua. Haijalishi kama umeme huo umeendesha friji yako au umekwenda kwenye gridi ukamwashia jirani taa. Cheti kinahesabu kilichozalishwa, si kilichouzwa. Huingizwa kwenye PJM-GATS, rejista inayofuatilia vyeti vya umeme vya eneo letu, kikiwa na namba yake ya pekee, na mnunuzi wa mwisho ni kampuni inayouza umeme kwa wateja, ambayo sheria ya jiji inailazimisha ionyeshe kila mwaka kwamba sehemu fulani ya umeme wake imetoka kwenye jua. Isipokuwa na vyeti vya kutosha, hulipa faini kwa kila cheti kilichopungua. Faini hiyo ndiyo dari ya bei, kwa sababu hakuna mwenye akili timamu atakayenunua cheti kwa bei inayozidi faini anayoikimbia. Hapa D.C. mapaa ni machache, na tangu sheria ya mwaka 2011 mitambo mipya ya nje ya jiji haikubaliwi isipokuwa imeungwa kwenye njia ya umeme inayohudumia jiji. Vyeti vikawa adimu, na bei ikakaa karibu na dari.

Hayo yote nayajua leo. Mwaka 2016 nilijua kwamba jua huchomoza mashariki, basi.

Mtambo wangu ni wa kilowati 6, na kwa mwaka unatoa megawati-saa saba na ushee, yaani vyeti saba. Nilipunguziwa dola 4,000 kwenye bei ya paneli. Katika kurasa kumi na tisa za mkataba kulikuwa na aya moja ya mistari minne iliyosema kwamba mteja anamkabidhi mkandarasi, au yeyote atakayemteua, “sifa zote za kimazingira zitokanazo na mtambo” kwa kipindi cha miaka 15. Angalia vizuri maneno hayo. Neno cheti halimo, SREC haimo, wala hakuna dola hata moja iliyotajwa. Mimi niliyasoma, naapa niliyasoma, nikadhani ni habari ya kuruhusu picha ya paa langu itumike kwenye matangazo yao, nikaona fahari kidogo.

Nilipouliza, maana sikuwa zuzu kabisa, muuzaji alinijibu kwa sauti ya daktari anayemtuliza mtoto kwamba hayo ni mambo ya makampuni makubwa kuhesabiana, na kwamba faida yangu mimi ni kushuka kwa bili. Nilipouliza tena, akatoa jedwali. Jedwali lenyewe lilikuwa la kweli, na hapo ndipo ninapomkasirikia zaidi, kwa sababu mwongo wa kawaida ningemshtukia. Kwa sheria ya wakati huo, faini ya dola 500 ya mwaka 2016 ilipangwa kushuka hadi dola 350 mwaka 2017, kisha 300, kisha 200 kwa miaka miwili, kisha 150 kwa miaka miwili, hadi kufikia dola 50 mwaka 2023. “Unaona,” akasema, “vitu hivi vinakufa. Chukua fedha yako leo.”

Nikachukua. Mwaka huohuo Baraza la Jiji likapitisha sheria iliyoishikilia faini hiyo kwenye dola 500 hadi mwaka 2023.

Utasema ni bahati mbaya, kwamba hakuna aliyeweza kulijua hilo. Miaka miwili nzima nilijifariji hivyohivyo, mpaka usiku mmoja nikachukua lile jedwali lake la mauti na kufanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne angeifanya. Jumlisha dari za mwaka 2017 hadi 2023 kama alivyonionyesha yeye mwenyewe: unapata dola 1,400. Zidisha kwa vyeti saba: dola 9,800. Toa theluthi nzima kwa ajili ya kamisheni na bei kuwa chini ya dari, bado zinabaki zaidi ya dola 6,500, na hapo hatujagusa vyeti vya mwaka 2016 wala miaka minane inayofuata ya mkataba. Kwa hiyo hata katika ulimwengu wa jedwali lake, ambamo vyeti vilikuwa “vinakufa”, aliniibia mchana nikiwa nimemshikia kikapu. Katika ulimwengu uliotokea kweli, ambamo cheti kiliuzwa kwa dola 400 na kitu, vyeti vyangu saba vilikuwa na thamani ya karibu dola 2,800 kila mwaka. Lile punguzo la dola 4,000 lilikuwa limekwisha kurudi kwao kabla ya miezi 18. Hadi kufika mwisho wa mwaka 2023 nilikuwa nimewagawia watu nisiowajua kiasi kisichopungua dola 19,000, na mkataba utakwisha mwaka 2031. Mke wangu huliita paa letu shamba la watu. Sisi ni walinzi wake, tena walinzi wanaolipia bima ya shamba.

Niligunduaje? Jirani wa mtaa wa nyuma, mwenye paneli zinazolingana na zangu, aliniuliza kama malipo yangu ya robo mwaka yamechelewa kama yake. Nikamwuliza malipo gani. Akanyamaza kwa muda, kisha akabadilisha mazungumzo, kwa adabu ambayo mpaka leo inaniuma kuliko kama angenicheka.

Nilipopiga simu kwa mkandarasi niliambiwa kwamba haki zile zilikwisha kuuzwa kwa kampuni nyingine, na hiyo nyingine ikaniambia kwamba kwenye rejista mtambo wangu umeandikishwa chini ya akaunti yao na kwamba mimi si mhusika. Mimi, mwenye paa, si mhusika! Nikauliza gharama ya kujitoa. Nikatajiwa kiasi kilichokaribia thamani yote ya vyeti vilivyobaki. Nikauliza itakuwaje nikiuza nyumba. Nikasomewa kifungu kinachosema kwamba mnunuzi lazima aurithi mkataba au mimi niwalipe fidia. Mwanasheria niliyempelekea kurasa zile kumi na tisa alizisoma kwa dakika ishirini, akanirudishia na kusema kwamba zimeandikwa vizuri sana. Kwa sifa hiyo nilimlipa.

Kuna mzaha wa mwisho katika hili. Mwongozo wa Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani wa mwaka 2012 unasema kwamba mfanyabiashara aliyeuza vyeti vya umeme anaouzalisha asiutangazie umma kwamba anatumia nishati jadidifu, kwa kuwa sifa hiyo sasa ni mali ya aliyenunua. Mimi si mfanyabiashara, kama kisa hiki kinavyothibitisha, lakini nimeelewa kwamba pamoja na fedha niliuza hata majivuno.

Ndiyo maana nakushikilia jambo moja, na nitalirudia mpaka unichoke: bei ya paneli na bei ya vyeti zisikae kamwe kwenye karatasi moja. Paneli zina karatasi yake, vyeti vina karatasi yake, na siku ya kutia saini ya kwanza isiwe siku ya kutia saini ya pili. Zikishachanganywa huwezi kujua umelipwa nini kwa kipi. Mkandarasi anaweza kupandisha bei ya paneli kwa dola 5,000, akakupunguzia dola 5,000 hizohizo, akaondoka na vyeti vya miaka 15 bila kutoa hata senti, nawe ukamsindikiza hadi mlangoni ukimshukuru.

Najua atatokea mtu hapa chini aniambie kwamba mikataba mirefu si mibaya daima, na anayo haki. Waliokuwa na mikataba ya bei isiyobadilika katika jimbo la New Jersey mwaka 2011, cheti kilipokuwa kinauzwa kwa zaidi ya dola 600, walilala usingizi mnono mwaka uliofuata, bei ilipoanguka chini ya dola 100 kwa sababu kila mtu alikuwa amekimbilia kufunga paneli. Pennsylvania ilikuwa vibaya zaidi: bei iliyokuwa karibu dola 300 iliporomoka hadi makumi machache ya dola, kwa kuwa vyeti vya majimbo mengine viliruhusiwa kuingia sokoni humo, na mlango huo haukufungwa mpaka sheria ya mwaka 2017. Hata hapa D.C. dari imeanza kushuka: mwaka 2024 ilikuwa dola 480, na sheria inaipunguza kila mwaka. Kwa hiyo ukitaka kuuza vyeti vya miaka kadhaa mbele ili upate fedha taslimu na usingizi, uza. Lakini viuze ukiwa mwenye navyo, kwa karatasi yake, baada ya kupata bei za wanunuzi watatu wanaojua kwamba wanashindana. Mimi sikuuza kwa bei mbaya. Mimi sikujua kwamba ninauza, na hayo ni maradhi mawili tofauti.

Umetaja pia kwamba mkandarasi amekupa chaguo la kukodi mtambo badala ya kuununua. Uwe macho hapo. Tangu nafuu ya kodi ya shirikisho ya asilimia 30 kwa mwenye nyumba anayejinunulia mtambo ilipokoma mwishoni mwa mwaka 2025, ukodishaji unasukumwa kwa nguvu. Katika kukodi, mwenye mtambo ni kampuni, na kwa kawaida vyeti vinamfuata mwenye mtambo. Si lazima iwe hila, ila wewe usipige hesabu ya vyeti ambavyo havitakuwa vyako.

Kuhusu bili: vyeti havigusi nafuu yako hata kidogo. Umeme unaorudi kwenye gridi unahesabiwa kwenye bili yako kwa utaratibu wake, na cheti kina utaratibu wake. Ni mavuno mawili ya jua moja. Yule muuzaji wangu aliniachia niamini kwamba nikitaka vyeti nitapoteza nafuu ya bili, bila kulitamka waziwazi, kwa kutikisa kichwa tu pale nilipokosea. Wako akitikisa kichwa, mwambie aandike.

Kuhusu mita, muulize mkandarasi kama mita ya uzalishaji, ile inayohesabu umeme wa paneli, inatimiza kiwango cha usahihi cha C12.20, na umtake aifunge wakati uleule wa kufunga paneli, kwa sababu kumrudisha fundi baadaye kwa ajili ya kifaa kimoja ni gharama ya kijinga. Kisha uhakikishe, na hapa narudi kulekule, kwamba ombi la kuthibitishwa na Tume ya Huduma za Umma ya D.C. limejazwa kwa jina lako kama mmiliki, na kwamba wakala utakayemtumia kwenye rejista anaviuza vyeti kwa niaba yako, si kwa niaba yake. Usiache jambo hilo likae miezi. Paneli zinazotoa umeme bila kuandikishwa zinaweza kukupotezea vyeti kimyakimya.

Sasa kesho kutwa akija, fanya hivi. Fungua mkataba utafute maneno “sifa za kimazingira”, “motisha”, “vyeti” na “haki zinazotokana na mtambo”, kwa sababu wanayabadilisha majina kama majambazi wa sinema. Kila yanapotokea, mwombe aandike kwa mkono pembeni kwamba ni mali ya mteja, kisha nyote wawili mtie saini hapo. Halafu umwulize swali moja: bei ya mtambo huu vyeti vikibaki vyangu ni kiasi gani, na nikikukabidhi vyeti ni kiasi gani? Aziandike zote mbili. Akisema hawezi kutenganisha, mpe maji anywe na umfungulie mlango.

Na ikiwa ulichotuandikia hapa kama swali tayari ni jambo ulilokwisha kulitenda, maana nami nilipokuwa nauliza watu nilikuwa hivyohivyo, hesabu siku leo usiku. Mkataba wa namna hiyo uliotiwa saini nyumbani kwako mbele ya muuzaji aliyekufuata unaweza kuughairi kwa kanuni ya shirikisho ndani ya siku tatu za kazi, na alipaswa kukuachia fomu mbili za kughairi. Zitafute. Za kwangu nilizikuta mwaka 2018, zimekunjwa ndani ya kijitabu cha maelekezo ya inveta, bado safi kabisa.