Kubadilisha mabomba ya shaba kwa ya plastiki katika gari-nyumba

Swali: Gari-nyumba langu ni la zamani na mabomba yake ya maji ni ya shaba. Yamepasuka mara mbili kwa sababu ya maji kuganda, na mara zote nililehemu kwa risasi. Sasa maji yanatona mahali pa tatu. Je, plastiki itahimili maji ya moto ya hita? Na je, ni lazima niondoe shaba yote?

Jibu: Itahimili, mradi uchague bomba la peksi, yaani poliethilini ambayo molekuli zake zimefungamanishwa ili istahimili joto. Bomba la kawaida la aina hii huwa limepigwa chapa ubavuni kuonyesha kwamba linabeba shinikizo la takriban baa 11 maji yakiwa na nyuzi 23 za Selsiasi, na takriban baa 7 yakifika nyuzi 82. Pampu za volti 12 zinazotumika katika magari haya kwa kawaida hujizima shinikizo linapofika baa 3 hadi 4, kwa hiyo bomba lenyewe halitakuwa na shida. Rangi nyekundu na bluu hutofautisha tu njia ya maji ya moto na ya baridi. Uwezo wake ni uleule.

Kabla hujashika kikata bomba, nakusihi ufuatilie kila bomba la shaba kutoka mwanzo hadi mwisho wake, kwa sababu katika magari haya gesi ya kupikia nayo husafirishwa kwa mabomba ya shaba, na chini ya kabati lenye giza mabomba hayo mawili hufanana sana. Bomba linalotoka kwenye mtungi wa gesi usiliguse kabisa. Angalia pia kama kuna waya wa umeme uliofungwa kwenye bomba la maji ili kupeleka umeme ardhini, kwani ukiondoa shaba na kuweka plastiki njia hiyo inakatika. Waya huo inabidi ufungwe upya kwenye fremu ya gari na fundi umeme.

Kuhusu kuondoa yote au sehemu, ushauri wangu ni kuondoa yote unayoweza kuyafikia. Shaba inayotikiswa barabarani kwa miaka mingi huwa ngumu na hatimaye hupata nyufa, hasa karibu na maungio, na bomba lililokwisha kuvuja mahali patatu halina sababu ya kuishia hapo. Pale ambapo bomba limepita ndani ya ukuta usioweza kufunguliwa, unaweza kuunganisha shaba na peksi kwa fitingi ya brasi ya kusukumiza, yaani kiungio kinacholishika bomba unapolisukumiza ndani yake, kwa kuwa peksi ya nusu inchi imetengenezwa iwe na kipenyo cha nje sawa na cha shaba ya nusu inchi, yaani milimita 15.9. Hata hivyo pima kwa kalipa kwanza, maana yapo magari yenye shaba ya milimita 15 kamili, na tofauti hiyo isiyoonekana kwa macho inatosha kuleta uvujaji. Shaba unayoiachia isuguliwe hadi iwe laini, bila mabaki ya risasi.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kutanuka. Peksi yenye urefu wa mita 5 ikipata ongezeko la joto la nyuzi 40 hurefuka kwa takriban milimita 30, mara nyingi zaidi ya shaba. Kwa hiyo usilikaze bomba kama uzi wa kinanda: liache na mkunjo mpana, lishikiliwe na vibanio vinavyoliruhusu kuteleza, na kila linapopenya kwenye ubao au bati livishwe mpira ili lisikatwe na mtikisiko. Aidha, usiliunganishe moja kwa moja na hita. Sentimita 45 za kwanza zibaki za shaba au za bomba la chuma linalopindika, mbali na joto la dohani.

Uvujaji mwingi ninaouona baada ya kazi hii hutokea kwenye maungio. Kata bomba kwa kikata cha plastiki ili mdomo wake unyooke usiwe wa mshazari, weka pete ya kubana milimita 3 hadi 6 kutoka ukingoni, ibane mara moja, kisha ikague kwa geji inayouzwa pamoja na koleo lake. Pete isiyopita kwenye geji ikatwe na kutupwa. Kuibana mara ya pili hakuiokoi.

Ukimaliza, jaza tangi, washa pampu, funga koki zote na usikilize. Pampu inayojiwasha yenyewe ilhali hakuna aliyefungua koki inakueleza kwamba kuna tone mahali fulani, au kwamba valvu yake ya kuzuia maji kurudi haifungi. Kisha safisha mfumo kwa dawa ya klorini ya nyumbani isiyo na manukato, mililita 1 kwa kila lita ya maji, uiache kwa saa 4 na kusuuza hadi harufu iishe.

Peksi hutanuka kidogo maji yanapoganda ndani yake, lakini fitingi, koki na pampu hupasuka kama zamani. Basi weka koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa pa kila njia, na uifungue kabla ya baridi kuingia. Vifuniko vya kabati viache wazi hadi umalize safari ya kwanza, kisha pitisha karatasi kavu kwenye kila ungio.