Treni au basi huko Uturuki? Jibu langu kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Voisi yako nimeisikiliza mpaka mwisho, hata pale watoto wanapogombania simu nimesikia. Unauliza safari yenu ya Uturuki, Istanbul, Ankara, Konya halafu Kapadokya, mupande treni au mabasi, maana mumeo kashikilia treni mwanzo mwisho na weye wataka basi kwa sababu bei ni nafuu. Miye nshatembea kule kwa biashara na kwa ziara, basi nitakwambia ninavoona, mukiamua vyengine shauri yenu.

Kwanza huyo baba watoto mtulize. Tokea apande SGR ya Dodoma ile 2024 hasikii la mtu, kila safari kwake treni. Sasa mwambie Göreme, huko Kapadokya kwenye yale maputo munayoyaona Instagram, hakuna stesheni, na Antalya aliyokuwa akiitaja pia reli haifiki, hata awe na hamu vipi atapanda basi au ndege tu. (Na ukimkuta anajisifu sana mwambie siye Unguja tulikuwa na treni ya Bububu toka enzi za Sultani, inaanzia hapo Ngome Kongwe.)

Lakini kwa Istanbul kwenda Ankara hapo yuko sahihi, tena sana. Kuna treni ya kasi, wenyewe wanaiita YHT, inakimbia mpaka kilomita 250 kwa saa na inakufikisha kwa masaa manne na nusu hivi, wakati basi ni sita na kuendelea, na hapo hujahesabu foleni ya kutoka Istanbul ambayo ile peke yake ni safari. Tena munashuka katikati ya Ankara, si kwengineko. Kutoka Ankara kwenda Konya treni haifiki hata masaa mawili. Weye umeangalia bei ya tiketi tu mwanangu, hujaangalia choo. Mabasi mengi kule hayana choo ndani, yanasimama baada ya masaa mawili matatu kwenye vituo vya mapumziko, vina msala wa kuswalia na supu nzuri sana ya dengu, lakini yule mwanao mdogo akibanwa haja hangoji dereva afike kituoni. Kwenye treni unamshika mkono munakwenda, mukirudi munapitia behewa la chai.

Ila musifikiri treni inaondokea pale munapofikia. Mukilala upande wa Sultanahmet au Laleli, treni nyingi za Ankara munazipandia Söğütlüçeşme, ng'ambo ya pili ya bahari, upande wa Asia. Musichukue teksi. Pandeni tramu mpaka Sirkeci, hapo munateremka chini kabisa munapanda Marmaray, ile treni iliyofunguliwa 2013 inayopita chini ya bahari, inakushusheni Söğütlüçeşme penyewe. Watoto watafurahi, ingawa hamna cha kuona, ni kiza tu. Na mufike mapema kwa sababu mabegi yanapitishwa kwenye mashine kama uwanja wa ndege na treni haimngoji mtu.

Halafu hayo mabegi. Nyinyi mukisafiri munahama nyumba! Kwenye treni pa kuwekea masanduku ni padogo, na sanduku unalinyanyua mwenyewe, lakini mabasi yanatia mzigo chini kwenye buti na kijana wa gari anakupokea. Kwa treni chukueni sanduku moja la wakubwa na moja la watoto, basi. Pazia zangu mutanunua siku ya mwisho.

Konya musiipite mbio. Nendeni mukamzuru Maulana Jalaluddin Rumi, yule sufi mshairi, kafariki 1273 na kaburi lake lipo pale chini ya kuba la kijani, mutalala usiku mmoja. Kutoka hapo kwenda Göreme ndo basi, kama masaa matatu, na hapo weye ndo umeshinda. Stendi ya Konya iko mbali na mjini lakini tramu inafika, na mabasi yao si haya unayoyajua, kijana anapita na chai na biskuti na marashi ya kunawia mikono. Mwanamke akikata tiketi peke yake hawamuweki na mwanamme asiyemjua, hilo nalipenda. Kateni viti vya mbele.

Kurudi Istanbul usiniambie habari ya basi la usiku. Najua ni rahisi na munaokoa hela ya hoteli, lakini ni masaa kumi na moja na zaidi na watoto wawili mapajani, asubuhi mutafika hamutazamiki na siku nzima itakwenda kulala. Mungekuwa nyinyi wawili tu ningesema haya pandeni. Na watoto, chukueni ndege kutoka Kayseri, mji wa jirani na Göreme, mukiikata mapema bei haiumizi.

Sasa la muhimu: umesema mutakwenda Iddi Kubwa. Wenzetu wanaiita Bayram, sikukuu yao ni siku nne na nchi nzima inarudi kwao, treni inajaa, mabasi yanajaa, barabara zinajaa. Ama musogeze safari wiki moja mbele, ama hiyo tiketi ya Ankara mukae macho siku inayofunguliwa. Jaribuni kwenye programu ya simu kwa namba ya pasi, kadi ya benki ikigoma usihangaike usiku kucha, nipigie, yupo mwenyeji wangu pale atakwenda dirishani atukatie. Nipe tarehe kwanza, na majina kama yalivo kwenye pasi, ya watoto pia.

Mama yako