Kabla ya Kushika Spana, Uliza Gari Limetoka Wapi

Ukitoka chuoni ukaanza kazi gereji hapa Tabora mwezi wa kumi, mvua bado hazijashuka, utapokea malalamiko mawili kuliko mengine yote: gari halivuti, na gari linachemsha. Usikimbilie kufungua injini. Muulize dereva ametoka wapi, amepita njia gani, alibeba nini na tatizo linatokea saa ngapi.

Anza na hewa yenyewe. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takribani asilimia 10 hadi 12 ya nguvu zake hata ikiwa mpya kabisa. Jua la Oktoba linaongeza lake: hewa ya nyuzi 35 ina oksijeni pungufu kwa asilimia 6 hivi kuliko ya nyuzi 15, kwa ujazo uleule. Kwa hiyo kigari kidogo kilichonunuliwa Dar kikionekana kimelegea, huenda hakina ugonjwa wowote. Mweleze mteja kwa heshima, maana wengi hawapendi kuambiwa hakuna cha kutengeneza. Magari yenye kompyuta hupima hewa na kupunguza petroli yenyewe. Kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, haina akili hiyo. Pikipiki iliyosetiwa Pwani ikifika huku plagi inakuwa nyeusi kwa masizi. Hapo rekebisha kabureta, uiache pistoni ipumzike.

Lakini msiisingizie hewa kwa kila kitu. Gari linaloshinda kwenye njia za vumbi za vijiji vya Sikonge au Kaliua huziba eya klina, yaani chujio la hewa, mapema kuliko kitabu kinavyosema. Itoe uiinue juani. Usipoona mwanga unapita, badilisha. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa presha ndogo. Karatasi ikitoboka, vumbi linaingia kusugua silinda na ringi, na mteja atarudi akitoa moshi.

Kuhusu kuchemsha, jua hili: kwa mwinuko wetu maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wake ukichoka, utaongeza maji kila siku bila mafanikio. Kagua mfuniko kwanza, injini ikiwa imepoa, ndipo uende kwenye feni na mapezi ya rejeta yaliyojaa vumbi na mbegu za nyasi. Na ile tabia ya kung'oa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, eti nchi yetu ni ya joto, mimi siikubali. Asubuhi za Juni na Julai hapa zina baridi. Injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, oili inachafuka.

Juni hiyohiyo ndipo betri zinakufa, ingawa zilianza kuharibika kwenye joto la Oktoba. Pima betri kabla ya kulaumu stata.

Mvua za Novemba zikianza, yatakuja magari yanayomisi asubuhi na kupona saa sita. Ni unyevu kwenye koili au waya zilizopasuka. Fungua boneti gizani injini ikiwa inaunguruma, bila kugusa kitu; cheche utaziona.

La hatari zaidi ni gari lililozimikia kwenye maji. Usipige stata. Angalia eya klina: ikiwa imelowa, toa plagi zote, au nozeli kama ni dizeli, ndipo uizungushe injini maji yatoke. Maji hayabanwi kama hewa; ukilazimisha, konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inapinda. Muulize dereva kama wamekwisha kulipiga stata huko njiani, na jibu lake liandike kwenye karatasi ya kazi, asaini, kabla hujagusa boliti hata moja.