Kutengeneza Rekodi Ambayo Sauti Yake Imepasuka: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi

Anayeanza kazi katika studio ya redio, iwe Arua, Jinja au Kampala, hachukui muda mrefu kabla ya kuletewa rekodi ya mahubiri, mkutano au kwaya ambayo hukwaruza kila msemaji anapopaza sauti. Wengi hukimbilia kushusha sauti ya faili nzima, na wakiona wimbi limekuwa dogo kwenye skrini hudhani kazi imekwisha. Kumbe wamepunguza kimo cha wimbi pamoja na kasoro yake, na vilele vilivyokatwa vimebaki bapa vilevile.

Katika rekodi ya biti 16, kila sampuli ya sauti, yaani kipimo kimoja cha wimbi kwa nukta moja ya wakati, huandikwa kwa namba iliyo kati ya −32,768 na 32,767. Sauti ikizidi hapo hakuna namba ya kuiandika, kwa hiyo sampuli zote zilizovuka mpaka hupewa namba moja ile ile, na kilele kilichopaswa kuwa na mviringo huwa kama mlima uliosawazishwa kwa tingatinga. Kona hizo kali huzaa masafa ya sauti ambayo hayakutoka kinywani mwa msemaji, na hayo ndiyo mkwaruzo unaousikia.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta ni wapi sauti ilikokatwa, kwa maana tiba hutegemea jibu hilo. Kuza wimbi mpaka uone sampuli moja moja. Vilele vikiwa bapa kwenye desibeli sifuri kamili, yaani ukomo wa kipimo cha kidijitali, huenda kiwango cha kunasia kiliwekwa juu mno. Vikiwa bapa chini ya hapo, tuseme kwenye desibeli −4, ama faili ilishushwa baadaye, ama sauti ilikatwa kabla haijafika kwenye kigeuzi, yaani sehemu inayogeuza umeme wa sauti kuwa namba. Hali hii ya mwisho ni ya kawaida sana tunapochukua sauti kutoka kwenye mikisa ya kanisa au ya ukumbi wa harusi na kuchomeka waya kwenye tundu la maikrofoni la kinasa sauti: mawimbi ya mikisa yana nguvu nyingi kuliko yale ambayo tundu hilo limeundwa kuyapokea, na kushusha kiwango cha kunasia kwenye kinasa sauti mara nyingi hakusaidii kitu, maana kikuza sauti cha mwanzo kimekwisha kuzidiwa. Alama nyekundu ambazo Audacity, programu ya kuhariri sauti, huonyesha pale wimbi linapogusa ukomo hazitajitokeza kwenye rekodi ya namna hiyo, na mgeni anaweza kuapa kwamba faili ni nzima.

Uliza pia kama faili ya asili ilinaswa kwa biti 32 za floti. Mfumo huo huhifadhi namba zinazozidi desibeli sifuri, kwa hiyo kushusha sauti peke yake kunaweza kurudisha vilele vyote, mradi maikrofoni au kikuza sauti hakikuzidiwa mapema. Hapa tu ndipo njia ile ya haraka inapofaa.

Kwa faili nyingine, fanya kazi kwenye nakala, na uanze na vilele kabla ya kuondoa kelele, kurekebisha besi au kubana sauti, kwa sababu kila hatua kati ya hizo hupindisha sehemu bapa na programu hushindwa kuzitambua. MP3 nayo huzivuruga. Mwombe mwenye rekodi akuletee faili yenyewe kwenye flashi, au aitume WhatsApp kama hati.

Kifaa cha Audacity kiitwacho Clip Fix kina mambo mawili ya kupanga. La kwanza ni kizingiti, yaani usawa ambao programu ikiufikia huhesabu kwamba wimbi limekatwa, ambacho nashauri ukiweke chini kidogo tu ya usawa wa sehemu bapa, kwa kuwa ukikishusha mno programu itaanza "kutibu" vilele vizima. La pili ni kiasi cha kupunguza sauti ili vilele vipya vipate nafasi ya kusimama. Programu hutazama mteremko wa kila upande wa pengo, kisha huchora mkunjo wa kuunganisha. Huko ni kukisia. Katika sampuli 44,100 kwa sekunde, pengo la sampuli kumi halifiki hata robo ya milisekunde, na makisio yake huwa mazuri. Lakini mlio mzito wa ngoma ya embuutu uliokatwa kwa mamia ya sampuli hautarudi ulivyokuwa, hata ukinunua programu ya bei kubwa. Tibu sehemu zilizoumia peke yake, sikiliza kwa hedifoni, na ukisikia sauti imekuwa ya kubuniwa, rudi nyuma. Kwa mahojiano, mara nyingi ni heri mtangazaji asimulie sentensi iliyoharibika kuliko kuing'ang'ania.

Unaponasa mwenyewe, tumia biti 24 na uache vilele vicheze kati ya desibeli −12 na −6. Usipime kwa "moja, mbili, tatu" ya upole. Mwombe mhubiri aseme kama anavyosema akiwa amepamba moto, na mpiga ngoma ndefu ya engalabi apige kama atakavyopiga watu wakianza kucheza, kisha ushushe kiwango kidogo zaidi.